Mlima wa Wahamiaji: Masimulizi ya Koo za Kilimanjaro na Namna ya Kuyapima

Mzee wa Kichagga akiulizwa asili ya ukoo wake, ni nadra ajibu kwamba ulianzia pale pale mlimani. Aghalabu atataja mahali pengine. Ukoo huu ulitoka Ukambani, huu Taita, ule Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini, mwingine Usambara, na mwingine watu wake wa kwanza walikuwa wafugaji wa Kimasai walioacha kuhamahama wakashika migomba. Atasema pia kilichomleta babu mwasisi: alikuwa akifuata wanyama wa kuwinda, au akikimbia njaa, au alikuwa amegombana na ndugu zake huko kwao. Kisha ataitaja nasaba, mwana baada ya baba, mpaka afike kwake mwenyewe.

Masimulizi ya namna hiyo yamekusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja, kuanzia Siha upande wa magharibi hadi Useri upande wa mashariki. Yakiwekwa pamoja yanaleta fumbo. Ikiwa kila ukoo una kwao kwingine, basi Wachagga wenyewe walitoka wapi? Lugha zao ni za jamii moja, na jamii hiyo si ya Kikamba, wala Kitaita, wala Kisambaa, sembuse Kimasai. Kilimo chao cha migomba na mifereji kinafanana mlima mzima. Mtu mwenye haraka angesema kwamba wazee wamejitungia hadithi. Mwingine mwenye haraka vile vile angeyachukua masimulizi yote kama yalivyo na kuyachapa kuwa historia. Etnolojia, yaani elimu ya kuchunguza na kulinganisha maisha, mila na asili za jamii za watu, haifuati njia hizo mbili. Huyachukua masimulizi kuwa ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Tena suala hili haliwahusu wasomi peke yao. Katika mlima ambao ardhi yake nzuri imekwisha kugawanywa zamani, kujua nani alitangulia kufika ni kujua nani ana haki ya kukaa.

Kumbukumbu zilizopandwa ardhini

Kabla ya kuuliza kama kumbukumbu ni sahihi, yafaa kuuliza imehifadhiwa kwa njia gani. Watu husema kwa wepesi kwamba historia ya Afrika ilitunzwa "vichwani mwa wazee". Kilimanjaro jambo hili ni nusu tu ya ukweli. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ilipandwa na kuchimbwa ardhini, mahali ambapo kila mtu aliyepita aliiona.

Cha kwanza ni kihamba chenyewe, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo katikati, linalorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mipaka yake huwekwa kwa masale, mmea wa jamii ya drasena usiokufa upesi na unaochipua tena hata ukikatwa. Isale si mpaka tu. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba amani, na aliyepelekewa huona vigumu kulikataa. Zamani masale yalipandwa pia mahali pa wafu. Wazee waliozikwa kihambani walifukuliwa baada ya muda, na mafuvu yao yakawekwa kwa heshima katika kichaka cha masale kando ya shamba. Kwa hiyo mtoto aliyekua katika kihamba aliishi jirani na mababu zake, na alijifunza majina yao kama alivyojifunza majina ya majirani.

Cha pili ni mfereji wa maji, uitwao mfongo. Mito ya Kilimanjaro hupita katika mabonde yenye kina kirefu, na watu hukaa juu ya migongo iliyo kati ya mabonde hayo. Ili maji yawafikie, ilibidi wayaelekeze kutoka juu sana mtoni, wakiufuatisha mteremko kwa kipimo cha jicho tu, mpaka yamwagike mashambani. Mhubiri Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za mlima huu, aliuona mwaka 1848 ukiwa nchi ya kilimo kilichostawi. Mfereji ulihusishwa na ukoo wa mtu aliyeuchimba, na wazawa wake ndio waliosimamia zamu za maji na kutoa sadaka kabla ya kazi ya kuusafisha. Anayetaka kujua koo zilizotangulia kukaa katika mtaa fulani hufanya vema kuuliza habari za mifongo, kwa maana mfereji hauwezi kuwa mzee kuliko watu walioufungua, na mpangilio wa mifereji huonyesha ni wapi watu walianza kufyeka msitu na wapi walifuata baadaye.

Cha tatu ni majina. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Desturi hii huhifadhi majina kwa uaminifu mkubwa. Lakini humtega mtafiti, kwa sababu jina lile lile hurudi baada ya kila vizazi viwili, na msimulizi akichoka anaweza kumfanya babu na mjukuu kuwa mtu mmoja. Hapo miaka hamsini au sitini imepotea bila mtu yeyote kukusudia.

Kilikuwapo pia chombo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya kukumbuka. Katika mafunzo ya jando vijana walifundishwa kwa fimbo iliyochorwa mikato, iitwayo mregho. Kila mkato, au kundi la mikato, lilikuwa na somo lake na maneno yake, na mwalimu alipitisha kidole kutoka alama hadi alama huku vijana wakiimba na kurudia. Fimbo hiyo haikuwa maandishi, kwa kuwa asiyefundishwa hakuweza kuisoma. Hata hivyo ilizuia somo lisirukwe na mpangilio usivurugike, jambo ambalo msimulizi asiye na fimbo hana namna ya kulihakikisha.

Waliotia masimulizi kalamu

Wa kwanza kuyaandika masimulizi ya kihistoria kwa utaratibu alikuwa mwenyeji, naye ni mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu. Kuanzia mwaka 1913 alijaza madaftari habari za tawala za mlimani, akiandika kutoka vinywani mwa wazee ambao baadhi yao walikuwa watu wazima kabla Wajerumani hawajafika. Madaftari hayo hayakupata kuwa kitabu chenye jina lake juu ya jalada. Wageni walioandika baadaye ndio walioyatumia, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hujua majina yao pasipo kulijua lake. Dosari hiyo yafaa kurekebishwa madarasani.

Mwingine alikuwa Bruno Gutmann, mchungaji wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale, mpaka alipoondoka mwaka 1938. Gutmann ndiye aliyechapisha mafunzo ya mregho, na kati ya mwaka 1932 na 1938 alitoa juzuu tatu nene za mafundisho ya jando, maneno ya Kichagga yakiwa pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Hakuna kabila jingine katika Tanzania ambalo mafundisho yake ya aina hiyo yaliandikwa kwa urefu namna ile. Lakini mkusanyaji naye ana macho yake. Gutmann aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vya asili ambavyo Kanisa lilipaswa kujengwa juu yake. Kwa hiyo aliviona kila mahali, na ugomvi, uchu wa mali na mabadiliko aliyaandika kwa haraka zaidi.

Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Moshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu aliandika kwa Kiswahili "Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera". Kisha Bibi Kathleen Stahl akazunguka utawala mmoja baada ya mwingine, akaketi na mamangi na wazee, akalinganisha maneno yao na madaftari ya Mtui, na mwaka 1964 ikachapishwa historia yake ya Wachagga, ambayo mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka uliotangulia, 1963, utawala wa machifu ulikuwa umefutwa nchini. Kazi yake ilifanyika saa ya mwisho, wakati watu waliokuwa na sababu ya kila siku ya kukumbuka nasaba za mamangi walikuwa bado wako kazini.

Msomaji atakuwa ameona kasoro moja ya orodha hii. Waulizwaji karibu wote walikuwa wanaume, tena wanaume waliokuwa karibu na utawala. Koo zilizoshindwa vitani, na wanawake walioolewa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine wakiwa na historia zao, hawakuulizwa sana. Kasoro hii itarudi tena mbele, kwa kuwa ndani yake mna sehemu ya jibu la fumbo.

Vizazi na tarehe

Masimulizi hayana kalenda. Yana mpangilio tu: huyu alimtangulia yule. Ili mpangilio uwe tarehe, mtafiti huhitaji mahali pa kuufunga, kama mvuvi anavyofunga mtumbwi kwenye mti. Huko Ankole, Uganda, mapokeo hutaja kupatwa kwa jua mahali paitwapo Biharwe wakati wa vita vya wafalme, na wataalamu wamekuhusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, ambako wanajimu waliweza kukukokotoa. Kilimanjaro mti wa kufungia mtumbwi ni shajara za wageni. Rebmann alipofika Machame mwaka 1848 alimkuta Mangi Mamkinga. Charles New alipofika Moshi mwaka 1871 alimkuta Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Rindi alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, akashindwa mwaka 1893, na akanyongwa Moshi ya Kale tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine.

Kutoka tarehe hizo huhesabiwa kurudi nyuma. Kipimo cha kawaida ni miaka ishirini na mitano hadi thelathini kwa kizazi. Hapa pana hatari ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipima kwa hesabu ndogo. Chukua mamangi kumi waliofuatana. Ikiwa kila mmoja alirithiwa na mwanawe, hiyo ni miaka mia mbili na hamsini hadi mia tatu. Lakini ikiwa watatu kati yao walikuwa ndugu waliopokezana, vizazi ni vinane, na miaka ni mia mbili hadi mia mbili na arobaini. Kosa la nusu karne na zaidi limeingia kwa neno moja, "ndugu", lililosahauliwa. Jan Vansina, mtaalamu wa Ubelgiji aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi, ndiye aliyefundisha kwa kina, katika kitabu chake cha mwaka 1961, kwamba masimulizi yachunguzwe kama mahakama inavyochunguza shahidi: nani anasema, alisikia kwa nani, na ananufaika vipi.

Wakati mwingine mawe husaidia. Wazee wa Rombo husimulia habari za Horombo, mangi wa Keni, aliyezitiisha tawala nyingi za mashariki mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, akawalazimisha watu wake kujenga ngome za mawe, na mwishowe akauawa akipigana na Wamasai. Mabaki ya ngome yapo Keni. Mawe hayataji jina la mtu, lakini huonyesha kwamba palikuwapo mtawala aliyeweza kukusanya kazi ya watu wengi kuliko wa mtaa mmoja, na hilo ndilo masimulizi yanalosema. Jina lake liko pia juu mlimani, kwenye kibanda cha wapandaji njia ya Marangu, ingawa wengi wanaolala humo hawajui alikuwa nani.

Lugha, vigae na chuma

Sasa turudi kwenye fumbo. Wataalamu wa lugha hawana haja na majina ya mababu. Hulinganisha maneno na sauti. Derek Nurse, katika uainishaji alioutoa mwaka 1979, alionyesha kwamba lugha za Kilimanjaro ni jamii moja yenye matawi: la magharibi, la kati, na la Rombo. Msemaji wa Kimachame hupata taabu kweli kweli kumwelewa msemaji wa Kirombo. Tofauti za namna hiyo hazizuki kwa miaka mia mbili. Kigweno, kinachosemwa Upare ya Kaskazini, kimo katika jamii hiyo hiyo, na kiko mbali na Kipare kilicho jirani yake. Na lugha ya Wameru wa Mlima Meru iko karibu sana na Kimachame. Wameru husimulia kwamba mababu wa koo zao kadhaa walitoka Machame. Hapo lugha na masimulizi yamekutana bila kupatana kwanza.

Wachunguzi wa mambo ya kale nao wameleta vigae. Vyungu vya aina ya Kwale, vilivyopewa jina la mahali karibu na Mombasa vilipotambuliwa kwanza, ni kazi ya wakulima wa mwanzo waliotumia chuma, na umri wake hurudi hadi karne za mwanzo baada ya Kristo. Vigae vya namna hiyo vimeonekana Upare, na uchunguzi wa Knut Odner, uliochapishwa mwaka 1971, ulivionyesha katika miteremko ya Kilimanjaro pia. Maana yake ni nzito. Nasaba nyingi za koo hazifiki nyuma zaidi ya miaka mia tatu au mia nne, lakini mlima ulikuwa na wakulima zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo.

Basi wahamiaji wanaotajwa na wazee hawakufika nyikani. Walifika mahali penye watu. Masimulizi yenyewe yanalijua jambo hilo kwa namna yake, kwani husema habari za Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa waliokaa mlimani kabla ya koo za leo. Wako waliodhani kwamba hiyo ni kumbukumbu ya wawindaji wa kale. Hakuna mifupa iliyothibitisha hivyo, na ni busara kuichukua habari hiyo kuwa kiri tu kwamba palikuwa na waliotangulia.

Maelezo yanayokubaliana na ushahidi wote ni haya. Wageni walifika wachache wachache, mtu na nduguye, au mwindaji na mbwa wake, kwa muda wa karne nyingi na kutoka pande nyingi. Walipewa ardhi, wakaoa wenyeji. Watoto wao walilelewa na mama waliosema lugha ya mlimani, nao wakaisema. Lakini ukoo huhesabiwa kwa baba. Kwa hiyo baada ya vizazi vitatu mtoto alikuwa Mchagga wa lugha, wa chakula na wa kilimo, huku nasaba yake ikiendelea kuelekeza kidole Ukambani au Taita. Masimulizi ya wazee ni kweli, ila ni kweli ya upande mmoja wa nyumba. Mama, ambaye huenda ukoo wake ulikuwa mlimani tangu enzi za vigae vya Kwale, ndiye aliyeachwa nje ya hesabu, na wakusanyaji hawakwenda kumuuliza.

Chuma kinaonyesha kwamba mwendo huo haukuwa wa watu tu. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na hauna madini ya chuma ya kuyeyusha. Hata hivyo Wachagga walikuwa na majembe, mashoka na mikuki, na wahunzi wao walisifika. Chuma kililetwa kutoka Upare, hasa Ugweno. Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoichapisha mwaka 1969 kutokana na masimulizi aliyoyakusanya mwenyewe, alieleza jinsi wahunzi wa ukoo wa Washana walivyotawala Ugweno zamani mpaka Wasuya walipowapindua. Mtafiti wa Kilimanjaro akisikia ukoo wa wahunzi unasema ulitoka Ugweno, ana sababu tatu za kuuamini: lugha, madini, na masimulizi ya Wagweno wenyewe kutoka upande wa pili.

Ukumbusho na haki ya ardhi

Sababu iliyoyahifadhi masimulizi ndiyo hiyo hiyo inayofanya yatiliwe mashaka. Ukoo ulikumbuka mwasisi wake kwa uangalifu kwa sababu kihamba na maji vilitegemea jina lake. Kwa sababu hiyo hiyo, ulikuwa na kila kishawishi cha kumfanya afike mapema kuliko mwasisi wa jirani. Sally Falk Moore, mwanaetnolojia na mwanasheria wa Marekani aliyefanya utafiti mlimani kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, alifuatilia mashauri ya ardhi ya vizazi kadhaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 alionyesha kwamba kile kilichoitwa mila isiyobadilika kilikuwa kimebadilika sana tangu kahawa ilipoingia, ardhi ikawa na thamani ya fedha na watu wakaongezeka. Watu walisema kwa dhati "hivi ndivyo ilivyokuwa tangu zamani" juu ya mambo ambayo babu zao hawakuyajua. Hawakuwa waongo. Kumbukumbu huchukua sura ya kazi inayotumikishwa.

Hata jina la watu wote lina historia ya namna hiyo. Katika karne ya kumi na tisa mtu wa mlimani alijiita Mmachame, Mkibosho au Mmarangu. Chaga ni jina ambalo watu wa pwani na wasafiri waliupa mlima na watu wake. Ushirika wa kahawa, chama cha wakulima cha mwaka 1925 na KNCU ya mwaka 1933, uliwafanya wawe na jambo moja la kusimamia. Mwaka 1952 Thomas Marealle alipotawazwa Mangi Mkuu, mlima ukapata pia Siku ya Wachagga, iliyosherehekewa tarehe 10 Novemba. Katika shughuli kama hizo tawala zilizokuwa zikichomeana migomba miaka sitini kabla zilisimulia historia moja. Mangi Mkuu hakudumu hata miaka kumi, lakini hisia ya kuwa watu wa jamii moja ilibaki.

Uhamaji nao haukukoma, ila uligeuka upande. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume husaidiwa kupata kihamba, na wa mwisho hurithi nyumba ya baba. Wa katikati hujitafutia. Zamani alifyeka msitu, akaanzisha mtaa mpya, na pengine akawa mwasisi anayetajwa leo. Msitu ulipokwisha kugawanywa alishuka tambarare, na tambarare ilipojaa alikwenda Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba barabara ya Moshi hujaa wazawa wa wahamiaji hao wa pili wakirudi kihambani, na wengi wakifa mijini huletwa kuzikwa huko. Mikutano ya ukoo hufanyika siku hizo, nasaba hutajwa, na vijana waliozaliwa mjini husikia kwa mara ya kwanza kwamba babu yao wa kumi alikuwa Mkamba. Mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wake wafanye utafiti wa kweli hana wakati bora kuliko likizo hiyo. Mwanafunzi amwandike kila msimulizi, umri wake, mahali na tarehe. Amuulize alisikia kwa nani. Amuulize na bibi, si babu pekee, kwao ni wapi. Aandike palipotofautiana bila kupasawazisha.

Faida ya kazi ndogo kama hiyo ilionekana kutoka mahali pasipotarajiwa. Baada ya vita vya Wajerumani mafuvu mengi ya watu wa Afrika ya Mashariki yalipelekwa Berlin kwa vipimo vya kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Familia za Moshi ya Kale hazikuacha kusema kwamba kichwa cha Meli kilichukuliwa baada ya kunyongwa, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Wachunguzi wa shirika linalosimamia makumbusho ya Berlin walichunguza mafuvu 1,135 ya makusanyo hayo, na mnamo Septemba 2023 wakatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilikuwa vimelinganisha baadhi yake na watu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa na neno "Akida" juu yake. Ilikumbukwa Kilimanjaro kwamba mshauri mmoja mkubwa wa Mangi Meli alijulikana kwa cheo hicho, na ilijulikana wazawa wake ni akina nani. Walipopimwa, ulinganifu ulikuwa kamili. Mashine ya maabara isingaliweza kumpata mtu huyo peke yake: ilihitaji kwanza kuambiwa ni mlango upi wa kubisha hodi, na jibu hilo lilikuwa limetunzwa mlimani kwa mdomo kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa miongoni mwa hayo.